Ushahidi Ninao: Jaribio la Kuwaainisha Watafiti wa Visahani

Elimu ya visahani vya angani ina matawi mawili. Tawi la kwanza huchunguza vitu vinavyopita juu yetu bila kujitambulisha. La pili, ambalo vyuo vikuu vimelipuuza kwa muda mrefu, huchunguza watu wanaosema wameshavichunguza vitu hivyo, wanajua ni nini, ushahidi wanao, ila leo hawautoi. Makala haya ni mchango mdogo katika tawi la pili.

Eneo la utafiti ni Mbweni, Kinondoni, nalo halikuchaguliwa kwa upendeleo. Anga lake lina shughuli. Ndege za kwenda na kutoka Unguja huonekana mchana na usiku. Giza la mwezi likiingia, wavuvi wa dagaa huwasha taa baharini, na anayetazama kutoka ufukweni anaweza kuapa kuwa ameona mji ambao jana haukuwapo. Zuhura ikining'inia upande wa Tegeta baada ya magharibi, watu wazima husimama barabarani wakanyoosha vidole. Siku hizi zimeongezeka satelaiti za Starlink, ambazo zikiwa ndiyo kwanza zimerushwa hupita zimefuatana mstari mmoja, kimya, bila kuyumba wala kusalimia. Juu ya hayo Mbweni ina wastaafu wa kutosha, upepo, viti vya plastiki na muuza kahawa. Vifaa vingine vya maabara havikuhitajika.

Baraza la utafiti lina kambi mbili, na kila kambi imesimama juu ya methali yake. Ya kwanza inashikilia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwao methali hii ina hadhi ya kanuni ya fizikia: jambo likishatamkwa, kuwapo kwake ni suala la ratiba tu. Ya pili hujibu kwamba mficha uchi hazai; mwenye ushahidi asiyeuonyesha atazaa nini? Mjadala umeendelea kwa misimu kadhaa ya masika, na mpaka sasa aliyepata matokeo yanayopimika ni muuza kahawa.

Kipimo chetu tumekiazima kwa J. Allen Hynek, mwanafalaki wa Marekani aliyekuwa mshauri wa mradi wa Blue Book. Mradi huo wa Jeshi la Anga, ulioanza mwaka 1952 na kufungwa mwaka 1969, uliishia na mafaili yenye taarifa 12,618 za vitu vya ajabu angani, na 701 kati ya hizo zikabaki bila maelezo. Mwaka 1972 Hynek alitoa kitabu kilichopanga matukio hayo kwa umbali kati ya shahidi na kitu alichokiona. Kukutana kwa karibu kwa aina ya kwanza ni kukiona tu. Aina ya pili, kinaacha alama ardhini au kwenye mwili. Aina ya tatu, unawaona waliomo ndani. Sisi tumegeuza rula yake ipime umbali kati ya ushahidi na msikilizaji. Kwa hiyo aina ya kwanza ni kukutana na mtu anayesema ameuona ushahidi. Aina ya pili, unaiona bahasha. Aina ya tatu, bahasha inafunguliwa. Aina ya tatu haijapata kurekodiwa Mbweni.

Spishi inayoheshimika kuliko zote tumeiita Mwenye Kiapo. Huyu hakatai kusema, amekatazwa. Kielelezo chake bora ni David Grusch, aliyekuwa ofisa wa intelijensia katika Jeshi la Anga la Marekani. Tarehe 26 Julai 2023 aliapa mbele ya kamati ndogo ya Bunge la nchi yake, akaeleza kwamba ameambiwa habari za mpango wa siri wa miaka mingi wa kuokota vyombo vilivyoanguka na kuvifungua ili kujua vilivyoundwa. Alisema alihoji mashahidi zaidi ya 40 katika muda wa miaka 4. Alipobanwa ataje hili na lile, jibu lilirudi kuwa lilelile: hapa hadharani siwezi, nitasema kwenye chumba kilichofungwa, mbele ya wenye ruhusa. Vyombo vyenyewe hakuwa ameviona kwa macho yake.

Barazani suala hili lilimgusa mzee aliyestaafu mahakamani. Akatukumbusha kwamba Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inataka ushahidi wa mdomo utoke kwa aliyeona mwenyewe, au kusikia mwenyewe, na kwamba anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Huyo Grusch, alisema, angekuwa mahakama ya Kisutu asingemaliza sentensi ya pili. Mzee mwingine, aliyetumikia ofisi ambazo hadi leo hazitaji, akamtetea: siri ya serikali ni siri, na anayeitoa mezani hulala mahabusu, kwa hiyo msimhukumu mtu kwa kutokufungwa. Wote wawili wana hoja, na hapo ndipo ugumu wa spishi hii ulipo. Machi 2024 ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayoshughulikia mambo haya ilitoa ripoti ya kupitia kumbukumbu tangu mwaka 1945, ikasema haikupata ushahidi wowote wa teknolojia ya viumbe wa nje. Kambi ya kwanza ikauliza ofisi hiyo ni ya nani. Ikajibiwa: ya wizara ileile. Kahawa ya pili ikaagizwa.

Spishi ya pili, Mlezi wa Taifa, hajaapa popote. Yeye anatuficha kwa huruma. Anasema tukijua tutachanganyikiwa, dini zitatikisika, benki zitafungwa, watoto hawatalala. Anaubeba ukweli peke yake usiku na mchana, na ukimtazama usoni huoni dalili ya uzito.

Nadharia ya Mlezi inapwaya kwa sababu ukanda huu umeshaifanyia majaribio. Mwaka 1972 Pemba ilitikiswa na Popobawa, yule kiumbe wa usiku mwenye bawa. Mwaka 1995, ambao pia ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, akaibuka tena Pemba na kuvuka hadi Unguja. Mwaka 2007 taharuki yake ilifika Dar es Salaam. Mtafiti makini ataona jambo la pekee katika visa vyake: ilisemekana Popobawa humwamuru aliyeshambuliwa akawasimulie wengine, la sivyo atarudi. Yaani ni kiumbe anayedai ushahidi utolewe, na utolewe haraka. Watu walikesha nje ya nyumba zao kwa makundi, moto ukiwaka, na asubuhi wenye shamba wakaenda shamba na wenye duka wakafungua duka. Sikusudii kusema Popobawa alikuwapo. Nasema jamii iliyosikia habari mbaya kuliko zote, ikaisikia kwa undani usiofaa kuchapishwa hapa, haikusambaratika. Mlezi wa Taifa anatuhurumia bure. Na kama huruma yake ni ya kweli, mbona tiketi za semina yake zina bei?

Kuna spishi iliyotuchosha kuliko nyingine, Mwenye Filamu Iliyosafiri, na inayo asili yake hapa kwetu. Tarehe 19 Februari 1951 ndege aina ya Lodestar ya East African Airways iliondoka Nairobi asubuhi kwenda Mombasa. Ofisa wa redio, Merrifield, akamwonyesha rubani wake, Kapteni Jack Bicknell, kitu cheupe kinachong'aa juu ya Kilimanjaro. Kwa maelezo yao kilikuwa kirefu, umbo la risasi, rangi ya fedha iliyofifia, kimekatwa na mistari ya giza. Walikitazama kwa darubini, nao abiria wakakitazama, kwa muda wa dakika 17 hivi. Kisha kikapanda na kutokomea upande wa mashariki. Husimuliwa pia kwamba miongoni mwa abiria alikuwamo mwenye kamera ya sinema, na kwamba aliitumia.

Bicknell na Merrifield hatuwaweki kwenye orodha yetu hata kidogo. Walisema walichokiona, saa ngapi, wakiwa wapi, na walikuwa na kazi za kupoteza iwapo wangeonekana wamechanganyikiwa. Anayejadiliwa ni msimulizi wa baadaye, yule anayekutajia filamu kwa sauti ya chini na kuongeza kwamba ilipelekwa ng'ambo kupimwa. Filamu za visahani zina tabia hiyo ya kusafiri na kutorudi. Bila filamu, mtu wa kambi ya pili aliyewahi kupanda Kilimanjaro ana haki ya kutukumbusha kwamba mlima ule hujivika mawingu ya kila umbo, yakiwamo yale marefu na laini yanayoganda mahali pamoja muda mrefu na kung'aa jua linapochomoza. Filamu ingekuwapo, angenyamazishwa, au angetunyamazisha yeye. Kutokuwapo kwake kunawaruhusu wote wawili wazungumze hadi muuza kahawa afunge.

Wengine nitawapitia mbio. Wa Wiki Ijayo anatutaka tukae mkao wa kula, tumekaa. Mwenye Marehemu ana shahidi mmoja tu, aliyekuwa tayari kusema kila kitu, akafa Jumanne. Mwonyesha Sanduku yuko nusu ya njia: mnamo Septemba 2023 mwandishi wa habari Jaime Maussan alipeleka ndani ya Bunge la Mexico miili miwili midogo, akiinadi kuwa si ya viumbe wa dunia hii, na kila mwenye televisheni akaiona. Lakini kuona sanduku na kulipima ni mambo mawili. Januari 2024 wataalamu wa Peru walipochunguza sanamu zinazofanana na hizo, zilizokamatwa na forodha ya Lima, walikuta mifupa ya wanyama na ya watu iliyounganishwa kwa gundi ya kisasa.

Kambi ya kwanza ilileta pingamizi zito, na sikulitarajia kutoka kwao. Walisema: mbona Tanzania yenyewe imefukia ushahidi wake maarufu kuliko wote? Wana haki. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifichua huko Laetoli, Ngorongoro, msururu wa nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, na katikati ya miaka ya 1990 wahifadhi wakazifunika upya kwa udongo kwa sababu mizizi ya miti na mvua vilikuwa vinaziharibu. Ukienda leo utakuta ardhi. Je, aliyezifunika nyayo za Laetoli naye ni mwenzao watu wa visahani?

Si mwenzao, maana kabla ya kufunikwa nyayo zilipimwa, zikapigwa picha, zikatengenezewa nakala, na vipimo vikachapishwa ili asiyemwamini Mary Leakey apate mahali pa kumbishia. Aliyefunika ameacha njia ya kurudi.

Hata hivyo, nisiipitishe hoja ya nakala kirahisi. Mwaka 1912 Waingereza walitangaza mtu wa kale wa Piltdown, na mifupa yake ikawekwa chini ya ulinzi mkali kwenye jumba la makumbusho London. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete na mume wa Mary, alilalamika kwamba alipokwenda kuichunguza alionyeshwa ile ya asili kwa muda mfupi, kisha ikaondolewa, naye akapewa nakala za plasta afanyie kazi. Plasta haikwambii mfupa una umri gani. Mwaka 1953 mifupa ya asili ilipopimwa, taya likaonekana ni la orangutangu na meno yake yamepigwa tupa. Miaka 41 ya heshima ililindwa na kabati. Watu wa visahani huutaja mkasa huu kuonyesha kuwa wakubwa hudanganya. Wanasahau kwamba mdanganyifu wa Piltdown alinufaika na desturi ileile wanayoitetea.

Sasa niingie kwenye viwanja, maana hapa ndipo Mbweni inapoipita Washington. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliendesha mradi wa viwanja 20,000 Dar es Salaam, na Mbweni JKT na Mbweni Mpiji zikawa miongoni mwa maeneo yaliyopimwa. Tangu hapo wakazi wa ukanda huu, kutoka Boko hadi Bunju, wamepata elimu ya juu kuhusu ushahidi. Dalali akikwambia kiwanja kipo na hati ipo, ila hati iko kwa kaka yake Morogoro, unajua la kufanya. Unaomba namba ya kiwanja na ya kitalu. Unataka uonyeshwe bikoni zote, si ile moja iliyo karibu na barabara. Unamuuliza mjumbe, unamuuliza jirani, unamuuliza mama lishe wa kona ambaye anajua kesi zote za mtaa, na kabla shilingi haijatoka mfukoni unahakiki jina la mmiliki ofisi ya ardhi. Hakuna aliyewahi kumwambia dalali kwamba lisemwalo lipo.

Mtu huyohuyo jioni anaambiwa chombo kilianguka Roswell, Marekani, mwaka 1947 na miili imefichwa, haulizi hata kitalu. Nimewauliza wazee sababu. Mmoja alinijibu bila kufikiri sana: kiwanja kinakula kiinua mgongo, chombo kinakula nini? Naona jibu hilo linatosha kuwa nadharia kuu ya tawi letu. Umakini wa msikilizaji hufuata pochi yake. Kwa kuwa kuamini visahani hakumgharimu kitu, hana sababu ya kuhakiki, na ndiyo maana haifai kumpima mtafiti kwa idadi ya wanaomwamini. Tumpime kwa gharama anayobeba mwenyewe.

Chukua mfano usiohusu anga. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, mwanasiasa wa upinzani Dk. Willibrod Slaa alisimama jukwaani akasoma majina 11 ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Ukweli wa tuhuma ni suala jingine, na ubishi wake haujaisha. Ninachokiangalia hapa ni utaratibu: majina yalitajwa, tarehe inajulikana, mtajaji anajulikana, na kila aliyetajwa alijua mlango wa mahakama ulipo. Kabla na baada ya siku hiyo nchi hii imesikia viongozi wengi wenye orodha mfukoni: orodha ya wauza unga, ya majangili, ya wenye akaunti ng'ambo. Orodha ya mfukoni haina mshtakiwa wala mshtaki. Haimgharimu mwenye nayo, na inawatisha hata wasiomo. Ushahidi wa namna hiyo, ukimlipa anayeuficha, umeshageuka mtaji, na mwenye mtaji hawezi kuutoa bure.

Kwa kipimo hiki Grusch anapata alama fulani. Kiapo cha uongo bungeni ni kosa kwao, na jina lake liko pale. Alama hizo ni za ujasiri. Za ukweli bado. Mlezi wa Taifa mwenye semina anapata sifuri, Wa Wiki Ijayo anaahirishiwa, na Mwenye Marehemu tunampa pole.

Kuna wanaosema kipimo ni kikali mno, kwamba vitu vya angani kwa asili yake havikamatiki. Hilo si kweli. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kina tani zipatazo 16 za chuma na nikeli, wenyeji walikijua kabla ya wanasayansi kukiandika mwaka 1930, na mpaka leo mtoto wa shule anakigusa kwa mkono. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilidondoka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Wanakijiji hawakuita mkutano wa siri. Waliizunguka, wakaipiga picha, na shirika la anga la Kenya likaja kuichukua na kueleza kuwa inaelekea ni kipande cha roketi. Kitu kikianguka kweli, tabu ya kwanza ni kuwazuia watu wasikisogelee.

Baada ya kuyapima hayo yote baraza limepitisha kanuni moja ya kazi. Kila atakayesema "ushahidi ninao" bila kuutoa atawalipia kahawa na kashata wote waliopo, na siku atakapouleta atarudishiwa fedha yake mbele ya mashahidi. Matokeo ya awali yanatia moyo: tangu kanuni ianze, idadi ya waliotembelewa na viumbe ukanda huu imeporomoka. Mwanachama mmoja wa kambi ya kwanza anapinga tafsiri hiyo. Anasema viumbe wamepata habari za kanuni yetu na wametususia, na kwamba jambo hilo analo kwa maandishi. Tukamwomba maandishi. Akasema leo hapana, akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu kumi na kumlipa muuza kahawa bila kunung'unika. Kwa kanuni tulizojitungia wenyewe, sasa inabidi tumsikilize.